Viazi ndani ya majivu: Vyakula vya mioto ya baridi kule Ulaya

JE, msomaji mpenzi, una ndugu au mwana anayesomea Leeds, Manchester au mji mwingine wowote wa kaskazini mwa Uingereza? Basi muulize habari za usiku wa tarehe 5 Novemba. Wageni wengi husema kwamba mwaka wao wa kwanza walidhani vita vimezuka. Giza linapoingia tu, milipuko husikika kila upande, mbingu huwaka rangi za kila aina, na harufu ya moshi hupenya hadi vyumbani. Akichungulia dirishani, mgeni huwaona majirani, wale wale ambao kwa kawaida hata salamu hawampi, wameuzunguka moto mkubwa, watoto wakiwa mabegani, na kila mmoja ana kitu mkononi anachokitafuna.

Hicho kinachotafunwa ndicho kilichotukutanisha leo. Habari za fataki zimesimuliwa mno, lakini habari za jikoni huachiwa akina nyanya, na wao wakiondoka huondoka nazo.

Kwanza yafaa uelewe giza lenyewe. Hapa Nairobi, mwezi wa Novemba jua hututoka baada ya saa kumi na mbili jioni, sawa na miezi mingine yote. Kule Leeds, tarehe hiyo, jua huwa limekwisha kuzama kabla ya saa kumi na nusu. Mtoto hutoka shuleni na kulikuta giza linamngoja langoni. Kuanzia hapo hadi Februari mambo ni hayo hayo: baridi, mvua nyembamba isiyokwisha, na siku fupi kama mkia wa mbuzi. Si ajabu basi kwamba watu wa Ulaya, kila taifa na tarehe yake, walitafuta kisingizio cha kuwasha moto mkubwa katika miezi hiyo na kupika kitu kitamu kando yake.

KISINGIZIO CHA WAINGEREZA

Kisingizio cha Waingereza ni kisa cha mwaka 1605. Mfalme James wa Kwanza, Mprotestanti, ndiye aliyekuwa akitawala. Siku hizo Wakatoliki walitozwa faini kwa kutohudhuria ibada za kanisa la serikali, na mapadri wao waliwindwa kama wezi. Wanaume 13, kiongozi wao akiwa Robert Catesby, wakakata shauri kulilipua Bunge siku ambayo Mfalme angekuja kulifungua. Walikodi chumba kilichokuwa chini ya Baraza la Malodi, wakatia humo mapipa 36 ya baruti na kuyafunika kwa kuni. Aliyepewa kazi ya kuwasha utambi ni askari mmoja, mzaliwa wa mji wa York, jina lake Guy Fawkes.

Barua isiyo na jina la mwandishi ilimwonya lodi mmoja asikanyage Bungeni siku hiyo. Upekuzi ukafanywa usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba, Fawkes akanaswa na viberiti vyake vya kizamani. Aliteswa, akahukumiwa, na Januari 1606 akanyongwa. Wenyeji wa London waliwasha mioto barabarani kushangilia kwamba Mfalme kaponea chupuchupu, na muda si muda Bunge likapitisha sheria kwamba kila mwaka tarehe hiyo watu wote waende kanisani kushukuru. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1859.

Usidanganywe na peremende zitakazofuata. Kwa muda mrefu sherehe hii ilikuwa ya chuki. Familia za Kikatoliki zilifunga milango na kuzima taa, kwani nje walichoma sanamu ya Fawkes, na mara nyingi ya Papa pia. Katika mji wa Lewes, kusini mwa nchi, waandamanaji hadi leo hubeba misalaba 17 inayowaka kuwakumbuka Waprotestanti 17 waliochomwa moto mjini humo kati ya 1555 na 1557, wakati malkia Mkatoliki alipokuwa kwenye kiti. Kila upande ulikuwa na maiti zake wa kuwalilia. Na kwa upande mwingine, ile shule ya York alikosomea Fawkes, iitwayo St Peter's, haichomi sanamu yake. Mtoto wao ni mtoto wao!

Sheria ya Bunge iliagiza watu wasali. Kuhusu kula haikusema neno. Chakula kililetwa na majira yenyewe. Mapema Novemba matofaa yameshavunwa, viazi vimo ghalani, na wakulima wa zamani walikuwa wakichinja mifugo ambayo wasingeweza kuilisha mpaka nyasi ziote tena. Kwa hivyo nyama na mafuta vilipatikana hata kwa maskini, walau kwa majuma machache.

KEKI INAYOHITAJI SUBIRA

Malkia wa usiku huo, katika majimbo ya Yorkshire na Lancashire, ni keki nyeusi nyeusi iitwayo parkin. Hutengenezwa kwa oti, ile nafaka jamaa ya shayiri ambayo wengi wetu tunaijua kama uji wa asubuhi, pamoja na tangawizi, mafuta na molasi.

Mbona oti wala si ngano? Kwa sababu milima ya kaskazini mwa Uingereza ina baridi na mvua nyingi, na ngano ilikataa kustawi huko. Oti ilivumilia. Tajiri wa kusini alikula mkate mweupe, naye maskini wa kaskazini akala uji na mikate bapa ya oti, siku nenda siku rudi. Siku ya sherehe alifanya kile ambacho mama yeyote wa Kawangware angefanya: alichukua unga ule ule wa kila siku akautia kitu kitamu.

Na hicho kitu kitamu, msomaji, kina habari zake. Molasi ni ule mchuzi mweusi unaobaki sukari ikisha kutengenezwa. Wafugaji wetu wa Kiambu huwachanganyia ng'ombe katika malisho. Katika karne ya 18 molasi iliyochujwa ikawa rahisi kule kaskazini mwa Uingereza kwa sababu meli zilifunga gati Liverpool na Lancaster zikiwa zimesheheni sukari ya visiwa vya Karibi. Waliolima miwa hiyo walikuwa watumwa waliotolewa Afrika Magharibi, na meli za bandari hizo hizo ndizo zilizowabeba. Mfumaji wa Yorkshire aliyekuwa akimkatia mwanawe kipande cha parkin alikuwa fukara kweli, wala hakuwa na mtumwa hata mmoja, lakini utamu wa kipande hicho ulitoka kwenye mgongo wa Mwafrika. Nadhani ni haki kulitaja jambo hilo, hasa kwetu sisi, hata kama wapishi wengi hulipita kimya kimya.

Tangu miaka ya 1880 wengi huongeza au hutumia badala yake ile shira ya rangi ya dhahabu ya Abram Lyle. Bila shaka umewahi kukiona kikopo chake cha kijani madukani, chenye picha ya simba aliyekufa na nyuki wakimzunguka. Anayesoma Biblia atakitambua mara moja kisa hicho: ni kitendawili cha Samsoni katika kitabu cha Waamuzi.

Lakini siri ya parkin haimo katika viungo. Imo katika kungoja. Ikitoka jikoni huwa ngumu na kavu, na mtu asiyejua atasema mpishi ameharibu. Hufungwa kwa karatasi, ikatiwa ndani ya mkebe, ikasahauliwa siku tatu, nne, hata juma zima. Humo ndani oti hunyonya ule unyevu wa shira, na keki hulainika hadi ikawa inanata vidoleni. Ndiyo maana nyanya wa Yorkshire huipika mwishoni mwa Oktoba na kuificha mahali ambapo wajukuu hawafiki.

TOFI YA KUVUNJWA KWA NYUNDO

Molasi hiyo hiyo, ikichemshwa na sukari na siagi hadi ifikie joto la nyuzi 140 hivi, kisha ikamiminwa kwenye sinia na kuachwa ipoe, huwa tofi nyeusi yenye uchungu kidogo, ngumu kama kioo. Hakuna kisu kinachoifaa. Hufungwa kitambaa ikapigwa nyundo, na kila mtoto hutiliwa vipande mfukoni. Aliyetia mdomoni kipande kikubwa hawezi kusema neno kwa robo saa, na kuna wazazi wanaodai kwamba hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Tofi hii iliwahi kuadimika. Kuanzia Septemba 1939, Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, ilipigwa marufuku kuwasha moto nje usiku, kwa kuwa marubani wa Ujerumani wangeuona. Watoto waliozaliwa siku za vita hawakujua moto wa Novemba ni nini hadi mwaka 1945. Na hata mioto iliporudi, sukari haikurudi nayo. Peremende ziligawiwa kwa kipimo tangu Julai 1942, na ukiacha miezi michache ya 1949, hali iliendelea hivyo hadi Februari 1953. Mama wa siku hizo aliyeweza kumwekea mwanawe vipande vitatu vya tofi nyeusi alikuwa amejinyima sukari ya chai kwa majuma kadhaa. Wakongwe wa Uingereza wanapoisifu tofi hiyo kupita kiasi, usiwacheke.

Matofaa nayo huchomwa kijiti, yakachovywa katika sukari nyekundu iliyochemshwa, yakawa yanang'aa kama taa. Ni mazuri kuyatazama. Kuyala ni kazi nyingine, kwani meno huteleza juu ya ganda na shira hukwama mashavuni.

Na mimi ningepewa nafasi ya kuchagua, ningeviacha vyote hivyo nikachukua viwili vya chumvi. Cha kwanza ni kiazi. Hakuna upishi wowote hapo: kiazi kizima na ganda lake hufukiwa katika majivu ya moto pembeni mwa moto mkubwa, kikatolewa baada ya saa nzima kimeungua nje na ndani ni unga mtupu. Hupasuliwa kikatiwa siagi na chumvi. Mtoto hukitia kwanza mikononi apate joto, kisha ndipo akile. Mtu yeyote aliyechunga ng'ombe akiwa mdogo na kuchoma kiazi kitamu shambani hana haja ya kufundishwa.

Cha pili ni njegere nyeusi za Lancashire, katika miji kama Bolton, Bury na Preston. Msidhani ni mbaazi za nazi na mahamri za kule kwetu Mombasa! Hizi ni njegere kavu za rangi ya kahawia, ndogo na ngumu, ambazo huloweshwa usiku kucha, zikachemshwa polepole hadi zilainike na mchuzi wake kuwa mzito. Huuzwa ndani ya kikombe, moto moto, zikamiminiwa siki nyingi na chumvi. Zilikuwa chakula cha wafanyakazi wa viwanda vya pamba, watu waliohitaji kushiba kwa senti chache. Anayeijua githeri ya stendi ya matatu saa moja asubuhi anajua njegere nyeusi ni nini.

SUKUMA WIKI YA WAJERUMANI

Tuvuke bahari. Katika visiwa vya Sylt, Föhr na Amrum, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, moto huwashwa tarehe 21 Februari, baridi ikiwa karibu kuaga. Wenyeji, Wafrisia, huuita Biike, na hupiga mbio na mienge hadi ufuoni ambako marundo ya kuni na miti ya Krismasi iliyokwisha kukauka hungoja. Husimuliwa kwamba mioto hiyo iliwaaga wanaume waliokuwa wakienda kuwinda nyangumi. Ulikuwa uwindaji wa hatari, na wapo waliokuwa wakiagwa kwa mara ya mwisho.

Moto ukififia, watu wote huingia ndani kula. Kula nini? Sukuma wiki! Ndiyo, msomaji, usishangae. Mboga yao, waiitayo Grünkohl, ni ya ukoo mmoja na ile tunayoikata kila jioni, ila majani yake yamejikunja. Wao husema haifai kuvunwa mpaka iwe imepigwa na sakitu, kwani baridi huiongezea sukari majanini. Halafu huipika kwa saa mbili, tatu, pamoja na mafuta ya nguruwe, nyama iliyokaushwa kwa moshi na soseji, na pembeni huweka viazi vidogo vilivyokaangwa kwa sukari. Sisi ambao huigeuza sukuma mara mbili kwenye kitunguu na kuiepua tungesema wameiua. Lakini ukitoka ufuoni na upepo wa Bahari ya Kaskazini umekukata masikio, naamini hutabishana na sahani.

UNGA WA DHIKI

Nchini Italia, katika mkoa wa Veneto, moto ni wa usiku wa tarehe 5 Januari, mkesha wa sikukuu ya Mamajusi watatu. Huitwa panevin, maana yake mkate na divai. Wazee hutazama cheche na moshi zimeelekea wapi, wakatabiri mavuno ya mwaka. Chakula cha usiku huo ni pinza, keki nzito ya unga wa mahindi iliyojaa tini kavu, zabibu kavu na mbegu za shamari. Zamani ilifungwa kwa majani ya kabeji ikaokwa chini ya majivu. Watu huiteremsha kwa divai iliyochemshwa na mdalasini na karafuu.

Hapa kwenye mahindi hebu tusimame kidogo. Wakulima wa Veneto waliyapokea mahindi kutoka Amerika wakayapenda kama tulivyoyapenda sisi, na kufikia karne ya 18 na ya 19 wengi wao hawakuwa na kingine cha kula ila ugali wao, polenta, asubuhi na jioni. Mahindi peke yake hayampi mtu vitamini iitwayo niasini kwa njia ambayo mwili unaweza kuitumia. Ngozi zao zikachubuka juani, matumbo yakaharibika, akili zikavurugika, na maelfu wakafa kwa maradhi hayo ya pelagra. Wenyeji wa Mexico, waliokuwa wamekula mahindi kwa maelfu ya miaka bila taabu hiyo, walikuwa na desturi ya kuyachemsha kwa chokaa, jambo linaloifungua ile vitamini. Mbegu ilivuka bahari, ujuzi ukabaki nyuma. Kwa hivyo ile pinza ilikuwa unga wa dhiki, uliovishwa tini na zabibu kwa usiku mmoja tu katika mwaka.

Kisiwani Mallorca, Uhispania, mji wa Sa Pobla huwasha mioto barabarani jioni ya tarehe 16 Januari kumheshimu Mtakatifu Antoni, mlinzi wa wanyama. Kila mtaa na jivu lake, na juu ya makaa huchomwa soseji za damu. Ukizionja utasema ni mutura, na hutakuwa mbali na ukweli. Pia kuna mkate wa kufunika uliojazwa mboga na mkunga, yule samaki kama nyoka, aliyekuwa akivuliwa katika kinamasi cha jirani. Siku hizi mkunga wa Ulaya yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na wapishi wengine hutia nyama badala yake.

UKIALIKWA

Mwanafunzi unayejiandaa kwenda huko, yashike haya. Ikiwa wewe ni Mwislamu, uliza kabla ya kula. Parkin ya zamani ilitiwa mafuta ya nguruwe, ingawa wengi sasa hutumia siagi. Soseji za kwenye moto aghalabu ni za nguruwe. Na kile kinywaji moto cha Italia ni divai. Kiazi na tofaa havina mashaka. Hakuna atakayechukia ukiuliza.

Na fataki usizichezee. Sheria ya Uingereza hairuhusu kumwuzia fataki mtu asiyefika miaka 18. Hata vile vijiti vinavyometameta ambavyo hupewa watoto huwaka kwa joto linaloweza kufika nyuzi 2,000. Huvaliwa glavu, na kikisha kuzimika hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Waangalifu pia huyachunguza marundo ya kuni kabla ya kuwasha, kwa sababu kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba, hupenda kujificha humo kulala msimu mzima wa baridi.

Mliobaki nyumbani, parkin yaweza kupikwa hata Buruburu, bila kikopo cha simba. Chukua unga wa ngano gramu 200, oti zilizosagwa kiasi hicho hicho, vijiko viwili vidogo vya tangawizi ya unga, vijiko viwili vidogo vya beking pauda na chumvi kidogo. Yeyusha gramu 300 za sukari guru kwa maji nusu kikombe, uichuje, kwani huwa na makapi, kisha utie siagi gramu 150. Usiiache ichemke sana na usiwaache watoto waikaribie, maana shira moto hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji. Ikipoa kidogo ichanganye na unga, ongeza yai moja na maziwa nusu kikombe. Uji wake uwe mwepesi, usiogope. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, funika, palia makaa machache chini na juu ya mfuniko, uache kwa muda wa saa moja hivi. Ukichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, imeiva.

Ikipoa ifunge kwa karatasi na uitie ndani ya mkebe wenye mfuniko mzuri. Ikiwa umeipika leo Jumapili, usiifungue kabla ya Jumatano. Na mkebe huo usiuweke kwenye kabati ya jikoni, kwa kuwa huko ndiko watakakoanza kutafuta.